Uzi maalumu: Kumwandaa mbwa kwa siku yake ya kwanza kwenye kituo cha kulelea mbwa mchana

#1 NyayoNne

Wakuu, maswali kuhusu vituo vya kulelea mbwa mchana yanazidi kuja humu, na mengi huja yakiwa yamechelewa: mbwa keshapelekwa, kituo kimemrudisha, ndipo mwenyewe anauliza palipoharibika. Uzi huu uanzie nyuma, wiki nne hadi sita kabla ya siku yenyewe. Wenye ujuzi mwongeze, na palipopinda mnyooshe.

Niseme msimamo wangu mapema. Wengi hupima utayari wa mbwa kwa swali moja tu: je, anapenda wenzake? Swali hilo halitoshi. Kuna mbwa anayewapenda wenzake hadi hawapi nafasi ya kupumua, anaparamia kila anayeingia, na akionywa haelewi. Swali lenye uzito ni hili: akiwa katikati ya mchezo, anaweza kuacha? Akiitwa anageuka? Akitengwa analala? Kituoni atakaa saa nyingi na mbwa asiowajua, na mhudumu mmoja mara nyingi huwa na mbwa 10 hadi 15 mbele yake. Hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumtuliza yeye peke yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupumzika. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, mtoto wa mbwa 18 hadi 20. Kituo kizuri huwatenga mbwa saa moja au mbili mchana, kila mmoja kwenye kizimba au chumba chake. Asiyezoea kizimba hubweka muda wote huo, anakwaruza mlango mpaka kucha zinatoka damu, halafu anarudi kundini akiwa hajafumba jicho. Ugomvi wa alasiri huanzia hapo.

Nyumbani anza na kizimba kilicho wazi, mlango umeufunga kwa kamba usije ukajibamiza ukamshtua. Milo yote ale humo kwa siku tatu au nne. Kisha funga mlango anapokula, fungua kabla hajamaliza. Baadaye mwache dakika moja baada ya kumaliza, halafu mbili, halafu tano, wewe ukiwa chumbani. Akiweza dakika 10 akikuona, anza kutoka: sekunde 30, dakika 2, dakika 5, kisha urudi dakika 1. Usipandishe muda mfululizo, maana mbwa hugundua kwamba kila mara mambo yanazidi kuwa magumu. Changanya mirefu na mifupi hadi ufike saa moja na nusu ya utulivu. Akianza kulia, ujue umeharakisha; rudi kwenye nusu ya muda wa mwisho alioumudu. Kizimba kimtoshe kusimama bila kuinamisha kichwa, kujigeuza na kujinyoosha.

Kazi ya pili ni kuitwa katikati ya mchezo. Tumia kamba ndefu ya mita 5 hadi 10. Anza ndani ya nyumba, halafu uani, halafu penye mbwa mmoja mtulivu aliye mbali, mwisho wakiwa wanacheza. Mwite mara moja tu. Akija, mpe kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi, kisha mruhusu arudi kucheza papo hapo. Kule kurudi kucheza ni malipo makubwa kuliko nyama. Mbwa anayeitwa tu pale anapotakiwa kufungwa kamba aende nyumbani hujifunza haraka kwamba wito maana yake raha imekwisha, na atakwepa. Akija mara 8 kati ya 10 akiwa anacheza, yuko tayari.

Ya tatu ni kushikwa, na hii husahaulika kabisa. Mhudumu akitaka kumtoa mbwa kwenye msukosuko hushika ukanda wa shingoni. Mbwa asiyezoea hugeuza kichwa na kuuma mkono. Gusa ukanda, mpe kitafunio. Mara 10 kwa kipindi, vipindi viwili kwa siku. Kisha ushike sekunde mbili, kisha uuvute kidogo, kisha umwongoze hatua tatu. Mpangilio ni muhimu: mkono utangulie, chakula kifuate. Ukitanguliza chakula, mbwa atajifunza kuogopa chakula. Akishazoea kwako, waombe watu wengine wawili watatu wafanye hivyo hivyo. Guseni pia masikio, nyayo na mkia.

Nawaachia wengine masuala ya chanjo na siku yenyewe.

#2 tabibu_wanyama

Shukrani mkuu NyayoNne. Nichukue upande wa afya.

Chanjo za msingi ni distempa (virusi vya mapafu, tumbo na ubongo), homa ya ini inayoletwa na virusi vya adeno, parvo (virusi vya kuharisha na kutapika vikali), na kichaa cha mbwa. Kwa mtoto wa mbwa dozi za zile tatu za kwanza huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, zinarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho lazima atimize wiki 16 au zaidi. Watu wengi huhesabu sindano, wakisema "amepata tatu, yametosha". Kinachoangaliwa ni umri aliokuwa nao kwenye dozi ya mwisho. Kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo isifanye kazi, na hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mbwa. Aliyepewa tatu zikaishia wiki ya 12 anaweza kuwa hana kinga yoyote ya parvo ingawa kadi yake imejaa mihuri.

Kwa nini parvo naipigia mstari? Kwa sababu virusi vyake hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, na sabuni za kawaida na spiriti havivimalizi. Dawa yake ni jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, kwenye sakafu ambayo tayari imeoshwa ikatakata, iachwe imelowa dakika 10. Jiki ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi. Ukitembelea kituo, waulize wanatumia nini na wanaiacha muda gani kabla ya kusuuza. Anayejua kazi yake atakujibu bila kubabaika.

Za ziada kwa mbwa wa makundi: Bordetella na parainfluenza kwa kikohozi cha kuambukiza, leptospirosi (ugonjwa wa bakteria) kwa maeneo yenye panya na maji yaliyotuama, na mafua ya mbwa pale yanapozunguka. Leptospirosi ni dozi mbili zenye nafasi ya wiki 2 hadi 4, kisha kila mwaka. Nayo humpata hata binadamu kupitia mkojo wa mnyama aliyeambukizwa, kwa hiyo usiidharau.

Jambo la kuelewa kuhusu kikohozi: chanjo haizuii kila maambukizi, ila hupunguza ukali. Mbwa aliyechanjwa bado anaweza kukohoa wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuanza kituo. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 14 tangu alipokutana na mgonjwa, na mgonjwa huyo anaweza kuwa alikuwa haonyeshi chochote siku hiyo.

Minyoo: peleka kinyesi kipimwe wiki mbili kabla, na omba kipimo cha jiadia (kimelea cha utumbo) pia, kwa sababu dawa ya minyoo ya kawaida huenda isiimalize. Viroboto na kupe: dawa ya kudondoshea mgongoni iwekwe angalau siku mbili kabla. Ikiwekwa asubuhi ya kwenda, wenzake watailamba, na akilowa maji mapema inapungua nguvu. Mbwa mwenye mabaka yasiyo na manyoya au anayejikuna sana masikio na viwiko achunguzwe upele na choa kwanza. Vyote viwili huambukiza mbwa wenzake na watu.

#3 KambaNdefu

Mkuu tabibu, chanjo ya kikohozi akipewa Ijumaa, Jumatatu aende?

#4 tabibu_wanyama

Inategemea aina. Ya kudondosha puani hujenga kinga dhidi ya Bordetella kwa takriban siku 3, lakini kinga ya parainfluenza kwenye baadhi ya chanjo hizo huchukua hadi wiki 3. Ya sindano huhitaji dozi mbili zenye nafasi ya wiki 2 hadi 4 kwa mbwa anayeanza. Isitoshe, ya puani yaweza kumfanya apige chafya au akohoe kidogo siku chache, na hakuna kituo kitakachomkubali mbwa anayekohoa mlangoni. Mpe angalau wiki moja, mbili ni bora zaidi. Kichaa cha mbwa kwa mara ya kwanza hesabu siku 21 hadi 28, kulingana na kanuni za mahali ulipo.

Dozi zote zisirundikwe wiki ya mwisho. Mbwa mwenye maumivu ya sindano begani huwa mkali akigongwa begani, na kwenye mchezo lazima atagongwa.

#5 Mkufunzi_Pembeni

Nyongeza kwenye kuhasiwa. Vituo vingi havimpokei dume ambaye hajahasiwa akishapita miezi 6 au 7 au hivi, na jike akiwa kwenye joto hapokelewi kabisa. Joto hilo huchukua kama wiki tatu. Ila kwa mbwa wa umbo kubwa, kuhasi mapema kunaweza kuathiri viungo vyake, kwa hiyo umri ujadiliwe na daktari. Sharti la kituo lisiwe ndilo linaloamua. Kama mnasubiri, tafuteni kituo chenye makundi madogo kinachokubali.

Sasa kituo chenyewe. Nendeni bila mbwa kwanza, saa za katikati ya mchana, si asubuhi wakati kila kitu kimepangwa. Angalieni haya:

Milango miwili mfululizo kabla ya kufika uwanjani, ili mbwa akichomoka wa kwanza azuiwe na wa pili. Wahudumu wamesimama na kuzunguka, au wameketi na simu? Makundi yanagawanywa kwa ukubwa pekee au kwa namna ya kucheza pia? Mbwa wawili wa kilo 25 wanaweza kutopatana kabisa: mmoja anacheza kwa mieleka, mwingine anapenda kukimbizana na hataki kuguswa. Sakafu ikoje? Saruji iliyokwaruza hula nyayo, vigae vinavyoteleza huumiza magoti. Kuna kivuli, maji sehemu zaidi ya moja, na mahali pa mbwa kujitenga?

Halafu uliza swali hili moja: "Mbwa wawili wakipigana mnafanyaje?" Mnataka kusikia mpango: kelele kubwa ya ghafla, maji, ubao wa kuwatenganisha, mbwa wengine kuondolewa haraka, mwenye mbwa kupigiwa simu siku hiyo hiyo. Wakijibu kwamba kwao mbwa hawapigani, tafuteni kwingine. Vilevile wakitumia chupa za kunyunyizia maji usoni au minyororo ya kubana kama njia ya kawaida ya kuongoza kundi, ondokeni.

Na kituo kisichofanya majaribio kabla ya kumpokea mbwa, mimi siwezi kukipendekeza kwa yeyote hata kama ni cha karibu na kazini.

#6 NyayoNne

Kweli kabisa. Kuhusu majaribio nieleze yanavyopaswa kwenda, ili mtu atambue yakifanywa vibaya.

Mbwa mgeni anaingia kwanza kwenye uwanja mtupu, ananusa dakika 10 hadi 15. Kisha analetwa mbwa mmoja tu, mzima, mtulivu, anayejulikana kwa adabu. Mara nyingi wa jinsia tofauti. Wakielewana anaongezwa wa pili, halafu wa tatu. Kamba inafunguliwa kabla hawajakutana, kwa sababu kamba iliyokazwa humwinua mbwa kifua, inamfanya aonekane anatisha, na inamnyima njia ya kukwepa. Akifika kwenye kundi kubwa ni baada ya nusu saa au zaidi.

Kosa baya ni kumfungulia mlango aingie penye mbwa 15 waliokusanyika langoni. Wote wanamzunguka kwa pamoja, wanamnusa nyuma, hana pa kwenda. Mbwa mwema kabisa anaweza kuuma hapo, na atabaki na jina baya la bure. Mhudumu anayejua huwasogeza kundi nyuma ya uwanja kwanza, ndipo mgeni anaingia.

Siku ya kwanza isizidi saa 2 hadi 4. Hata akionekana anafurahia, mchukueni. Uvumilivu wa mbwa humalizika kabla ya furaha yake, na makosa hutokea kwenye saa ile ya ziada.

#7 Ngome_ya_Mbwa

Mimi nafikiri mnasahau jambo rahisi. Mchoshe asubuhi. Kilomita tano za kukimbia, afike kituoni amelegea, hatakuwa na nguvu za kusumbua mtu.

#8 Mkufunzi_Pembeni

Hapana ndugu yangu, na naomba hili lisifuatwe. Kilomita tano kabla ya kundi jipya ni kumpeleka akiwa amechoka misuli na akili imechangamka. Mbwa aliyechoka sana ana subira fupi, kama mtoto aliyekosa usingizi wa mchana. Pia anafika ana joto mwilini, ana kiu, na viungo vimelegea, kwa hiyo ni rahisi kuteguka akianza kukimbizana.

Kinachofaa ni matembezi ya dakika 15 hadi 20, kamba imelegea, anaruhusiwa kunusa atakavyo. Kunusa humtuliza. Ajisaidie haja zote mbili kabla ya kuingia. Mbwa aliyebanwa na kinyesi hutembea huku na huko, wenzake wanamfuata nyuma, naye anakereka.

#9 Ngome_ya_Mbwa

Nimekuelewa. Kwa mbwa jamii ya wachunga mifugo wenye nguvu nyingi, dakika 20 zinatosha kweli?

#10 Mkufunzi_Pembeni

Zinatosha kwa sababu hoja si kumaliza nguvu. Kwa hao, tatizo kubwa kituoni ni kuzungukazunguka wenzao, kuwakodolea macho na kuwauma visigino wanapokimbia. Wenyewe hawaoni kama ni ukorofi, ila wanaochungwa wanachukia. Kabla ya kwenda, mfundishe "acha" hadi aondoe macho kwenye kitu kinachokimbia. Mwambie mhudumu wazi kwamba ni mchungaji, amwite kila dakika chache hata kama hajafanya lolote. Makundi madogo yanamfaa zaidi.

#11 MamaMlishi

Kwenye chakula na vitu vya kubeba.

Mlo wa asubuhi uwe mdogo, karibu nusu ya kawaida, saa mbili hadi tatu kabla ya kufika. Mbwa wenye kifua kirefu na chembamba wako hatarini tumbo kujaa hewa na kujipinda, hasa wakila kingi kwa pupa. Dalili ni tumbo kuvimba, kujaribu kutapika bila kitu kutoka, mate mengi, kutotulia. Hiyo ni dharura ya upasuaji, dakika zina maana. Mhakikishe wahudumu wanaijua.

Kwa mtoto wa mbwa anayekula mara tatu, mlo wa mchana ufungwe kwenye mfuko wake wenye jina na kipimo, alishwe kizimbani peke yake, apumzike saa moja ndipo arudi uwanjani. Chakula kisibadilishwe wiki hiyo. Mbwa wengi huharisha kidogo siku za mwanzo kwa msisimko tu; ukibadilisha na chakula, hutajua kipi kimesababisha.

Usibebeshe mifupa, vitu vya kutafuna wala mwanasesere anayempenda kwa ajili ya uwanjani. Kitu kizuri kati ya mbwa kumi ni chanzo cha vita hata kwa wale wasiojulikana kwa uchoyo. Kitambaa chenye harufu ya nyumbani ni sawa, kwa ajili ya kizimba tu.

Shingoni avae ukanda bapa, vidole viwili vipite chini yake, wenye kifungo kinachoachia kwa haraka. Minyororo ya kubana na mikanda yenye meno hapana kabisa: taya la mwenzake likinasa humo wakicheza, wote wawili wanaingiwa na hofu, wanajizungusha, mmoja ananyongwa. Mkanda wa kifuani uvuliwe uwanjani kwa sababu hiyo hiyo. Kama vituo vyenu vinavua hata ukanda wa shingoni, mbwa awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi iliyosajiliwa kwa namba ya simu inayopatikana.

Karatasi: kadi ya chanjo, namba ya daktari wake, mtu wa pili wa kupigiwa, dawa anazotumia pamoja na kipimo na saa, vitu vinavyomdhuru, na idhini ya maandishi ya kumtibu endapo hampatikani. Kwenye hiyo idhini andika kiwango cha gharama unachoruhusu bila kuulizwa. Bila hicho, daktari anaweza kusubiri simu yako huku mnyama anazidi.

Na kucha zikatwe siku tatu kabla. Zikikatwa asubuhi ile ile mara nyingine zinabaki na ncha kali, au panabaki kidonda kidogo ambacho saruji itakifungua upya.

#12 KambaNdefu

Nitajuaje kama anacheza au anaonewa? Vituo vingine vina kamera, unaangalia unaona vurugu tupu.

#13 NyayoNne

Swali zuri. Tazama haya kwenye kamera.

Mchezo wa kweli una mapumziko mafupi. Wanakimbizana, wanasimama, wanajikung'uta, wanaanza tena. Wanabadilishana zamu: aliyekuwa anafukuza anafukuzwa, aliyekuwa juu anakuwa chini. Mkubwa anajipunguza nguvu, anajilaza ili mdogo amfikie. Miili imelegea, inajipinda, midomo wazi. Yule anayeinamisha kifua chini huku makalio yako juu anamwalika mwenzake.

Anayeonewa mkia wake uko kati ya miguu, masikio yamelazwa nyuma, weupe wa jicho unaonekana pembeni, anajilamba pua bila kuwepo chakula, anapiga miayo, anajificha chini ya benchi au miguuni mwa mhudumu. Ishara ya hatari kuliko kubweka ni kuganda: mwili mzima unakakamaa, mdomo unafungwa, macho yanakaza. Sekunde moja au mbili baadaye meno hufuata. Mhudumu aingilie hapo, asingoje mngurumo. Na mkia kutikisika usikudanganye. Mkia ulioinuka juu, mgumu, unaotikisika kwa kasi fupifupi ni wa mbwa aliyepandwa na hisia, si lazima iwe furaha.

Mkiwa na shaka, mhudumu amshike yule anayeonekana mkali kwa sekunde chache. Yule wa pili akirudi kumfuata, ulikuwa mchezo. Akiondoka haraka au kujificha, alikuwa anasubiri nafasi ya kukimbia. Jaribio hili ni la bure na halina madhara. Linafaa kufanywa mara nyingi kwa siku.

#14 tabibu_wanyama

Niongeze kundi moja la hatari: mbwa wadogo. Asiyefika kilo 7 asichanganywe na wa kilo 30 hata kama wanapendana. Mdogo akilia kwa sauti nyembamba au akitimua mbio, mkubwa anaweza kubadilika ghafla, akaona windo. Hutokea bila ugomvi wowote uliotangulia, na kutikiswa mara moja kunatosha kuvunja shingo.

Kundi lingine ni mbwa wenye nyuso bapa. Njia zao za hewa ni finyu, hawawezi kujipooza kwa kuhema kama wengine. Kwao mchezo uwe wa dakika 5 hadi 10 kwa mkupuo, kivulini, na saa za joto wakae ndani. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Likikaribia 41 ni hatari ya kifo. Akihema kwa kelele, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba, mwagieni maji ya baridi mwili mzima na mpepeeni papo hapo, ndipo asafirishwe kwa daktari. Msimfunike kwa taulo lililolowa mkaliacha, linashika joto.

#15 Sauti_ya_Chini

Naomba tuwaseme na wale ambao kituo hakiwafai, kwa sababu kuna watu wanampeleka mbwa mwoga ili "azoee". Muda wa mbwa kuzoea ulimwengu kwa urahisi ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 au hivi. Baada ya hapo mbwa mwoga anaweza kusaidiwa, lakini kwa hatua ndogo, kwa umbali anaouweza, na akiwa na uhuru wa kuondoka. Kituoni umbali hakuna na kuondoka hakuna. Anayenyamaza kwenye kona siku nzima huandikiwa "alikuwa mtulivu", kumbe amezidiwa.

Wengine wa kufikiriwa mara mbili: mzee mwenye maumivu ya viungo, anayelinda chakula au mtu, aliyewahi kumuuma mbwa mwenzake akamjeruhi, na ambaye amefika nyumbani kwenu chini ya wiki kadhaa zilizopita. Huyo wa mwisho hajajua hata kwake ni wapi. Kwa hawa, mtu wa kuja kumtembeza mchana au kukaa naye nyumbani ni msaada halisi.

Anayelia na kubomoa milango akiachwa peke yake ni suala tofauti. Kwa huyo kituo kinaweza kusaidia, kwa kuwa hakai peke yake huku mkiendelea kumfundisha nyumbani. Ila lazima kituo kijue, maana saa ya kizimba ndiyo itakayomshinda.

#16 Mkufunzi_Pembeni

Nakubaliana nawe kwa asilimia zote. Nimalizie asubuhi ya siku yenyewe, kwa kuwa haijaguswa.

Fanyeni safari moja au mbili za bure wiki ya mwisho: mnafika mlangoni, anapewa kitafunio na mhudumu, mnaondoka. Siku yenyewe fikeni baada ya msongamano wa asubuhi kupita, mkiwa mmekubaliana saa na kituo. Mkabidhi mhudumu kamba, mwambie mbwa neno lake la kawaida la kuagana, geuka uondoke. Kumkumbatia dakika tano na kumsemesha kwa sauti ya huruma kunampa sababu ya kuamini kwamba kuna baya linakuja. Usichungulie dirishani pia. Akikuona, mhudumu anaanza upya.

Jioni ukimchukua usikubali jibu la "alikuwa vizuri". Uliza: alicheza na nani, alilala muda gani, alikula, alijisaidia mara ngapi, kulikuwa na kitu cha kumtenganisha nacho? Kituo makini kinaweza kujibu yote.

#17 MamaMlishi

Na akifika nyumbani: maji kidogo kidogo, si bakuli zima kwa mkupuo. Subiri nusu saa ndipo ale. Mpapase mwili mzima kwa vidole dhidi ya mwelekeo wa manyoya, hasa shingoni, nyuma ya masikio na mapajani. Tundu dogo la jino huonekana si kitu, kumbe chini ya ngozi pameraruka na uchafu umefungiwa. Litazameni na daktari siku hiyo hiyo. Angalia nyayo kama zimechubuka, na mkia: ukining'inia kama umekufa ganzi baada ya kuutikisa siku nzima, misuli ya shina lake imechoka, na kwa kawaida hupona ndani ya siku chache.

Kulala kama gogo jioni ni kawaida, sauti kukwaruza pia. Kinyesi laini kwa siku moja si hoja. Kisicho cha kawaida ni kuharisha damu, kukataa mlo zaidi ya siku moja, kikohozi kikavu kama kuna kitu kimemkwama, kuchechemea asubuhi inayofuata. Akikohoa, kaa naye nyumbani na uwaarifu wa kituo ili waangalie wengine.

#18 KambaNdefu

Baada ya siku ya kwanza, ya pili iwe lini? Na mara ngapi kwa wiki?

#19 NyayoNne

Ya pili iwe baada ya siku mbili au tatu, tena nusu siku. Ukiruka wiki mbili ataanza karibu upya. Akimaliza nusu siku tatu au nne vizuri, jaribu siku nzima. Baada ya hapo siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, zinawatosha wengi. Siku tano mfululizo humwacha mbwa na msisimko usioshuka: anarudi anabweka kwa kila sauti, halali vizuri, na matembezini anavuta kamba kumwelekea kila mbwa anayemwona. Ukiona hivyo punguza siku, au omba muda wa mapumziko ya mchana uongezwe.

Siku ya tatu mtazame sana mlangoni. Ya kwanza hajui anakoenda, ya pili bado anakisia, lakini ya tatu anajua. Akiingia mwenyewe, endeleeni. Akikaza miguu au kujificha nyuma yako, usimburute. Rudi naye, kisha zungumza na mhudumu kuhusu kundi alilowekwa, saa alizokaa na kama alipata kulala.

#20 Sauti_ya_Chini

Na kama kituo kina kamera, omba kuona picha za saa ya mwisho ya siku ile ya pili. Saa ya kwanza kila mbwa huonekana sawa.